Unatokaka wapi? Namna ya kupatana bei ya hadithi fupi

Hadithi yangu ya kwanza kupata mnunuzi ilikuwa na maneno 3,400, naye alitaka 2,000. Hilo lilikuwa ombi lake dogo. Ombi kubwa lilikuwa nifute silabi moja.

Hadithi yenyewe ni ya mwanamume wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliyechukua pesa za mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, ule wa 2003 na 2004 ulioondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Hakumwambia mkewe. Kila asubuhi anavaa ovaroli, anabeba chakula chake cha mchana, anaondoka. Kila jioni anarudi na vumbi kwenye viatu, vumbi alilojipaka mwenyewe. Na kila jioni mkewe anamuuliza mlangoni: "Unatokaka wapi?"

Mhariri alikuwa nchi jirani, anachapisha vitabu vya ziada vya shule. Akasahihisha kwa wino mwekundu, mara kumi na moja: "Unatoka wapi?"

Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa kilichopotea. Kwa wengine: "unatoka wapi" ni swali la jioni moja. "Unatokaka wapi" ni swali la jioni zote, na mwenye kuuliza hivyo ameshaanza kuhesabu. Yule mama haulizi mumewe ametoka wapi leo. Anamwambia kwamba anajua. Ukiitoa ile "ka", unabaki na mke anayesubiri chakula kipoe.

Nilikasirika siku tatu. Halafu nikahesabu ada ya shule ya watoto wawili, hasira ikapungua.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa wa sekondari. Kiswahili naandika usiku, umeme ukiwepo. Nimeuza hadithi kumi na moja kwa miaka kadhaa, na sijajenga nyumba kwa hizo. Wadogo zangu wanaoandika huniuliza, "Madamu, ukubali wanachotaka au ukatae?" Swali hilo linanichosha, maana hakuna mtu anayekwenda sokoni na majibu mawili tu. Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anauza nyanya soko la Kenya (komini yetu, si ile nchi), na mengi ya yatakayofuata nimeyaona kwenye meza yake.

Orodha iandikwe kabla hadithi haijatoka nyumbani

Kabla ya kutuma, geuza ukurasa wa mwisho wa muswada na uandike nyuma yake vitu ambavyo hadithi hii haiuzi. Visizidi vitatu. Fanya hivyo siku ile ile unayotuma, maana barua ya mhariri ikishafika utakuwa na mojawapo ya magonjwa mawili, hasira au njaa, na yote mawili hupotosha hesabu. Mwenye hasira huona kila nukta yake ni takatifu. Mwenye njaa humuuza hata mama mkwe.

Kwa nini vitatu? Kwa sababu muuzaji asiyepunguza chochote hurudi na nyanya zake nyumbani, zimelainika. Yaya anajua asubuhi ni fungu gani hataligusa na ni lipi atalishusha hadi mia moja ikibidi. Mteja akifika, yaya anapiga mayowe na kuapa kama kila fungu linamuuma sawasawa, lakini moyoni hesabu imeshafungwa.

Njia ya kuvipata vitu hivyo: jisimulie hadithi kwa mdomo ukiwa unapika. Utaruka mengi. Utasahau majina, utasahau mvua uliyoieleza nusu ukurasa. Yale yanayorudi kila unaposimulia, ambayo ukiyaruka unajikuta unasema "ngoja, nimesahau kitu", hayo ndiyo ya kuandika. Kwangu yalikuwa mawili: lile swali la mlangoni, na kwamba mume hakiri kamwe. Mengine yote niliyaweka mezani: jina la hadithi, urefu, kama chakula kiitwe bukari, kama tunavyosema hapa, au ugali, jina la baa, matusi ya mjomba.

Hili sikulibuni mimi. Baba yangu mdogo alikuwa mchoraji miaka ya sabini, wa zile picha za kutundika sebuleni. Jiji lilikuwa na wengi wa aina yake. Anayejulikana zaidi leo ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi kwa picha takriban mia moja mwaka 1973 na 1974, lakini hata yeye, kama wenzake, alikula kwa picha za kurudiarudia ambazo kila nyumba ilizitaka. Kwa baba mdogo wateja walitaka mamba muntu: nusu mwanamke, nusu samaki, nywele ndefu, nyoka, na saa mkononi. Akichora bila saa, picha inarudi. Alichora saa. Alichora nyoka mnene au mwembamba, kadiri ya pesa. Lakini nyuma ya maji, kwenye kona, kila picha ilikuwa na bomba dogo la moshi, lile refu la kiwandani ambalo kila mtu wa hapa analiona akifungua dirisha. Hakuna mteja aliyeliomba, na sijasikia aliyelikataa. Nilipomuuliza alisema, "Maji banunue, mwanamuke banunue. Ile sheminé njo yangu."

Tafuta anayeogopwa

Mhariri akikuandikia "soko linataka", usibishane na soko. Halina anwani. Nyuma ya neno hilo kuna mtu fulani ambaye mhariri anamwogopa, na kazi yako ni kujua ni nani.

Mchapishaji wa shule anaiogopa kamati inayoidhinisha vitabu, pamoja na mzazi mmoja mwenye simu na muda mwingi. ONG (shirika lisilo la kiserikali) inamwogopa mfadhili, ambaye mradi wake umeandikwa tayari na una neno la kufikisha. Mchapishaji wa kanisa namwelewa haraka kuliko wote: anataka mtu aokoke, na akikubali aokoke katikati badala ya mwisho, hadithi inaweza kupona. Mwenye duka la kupiga chapa, yule unayemlipa wewe, hamwogopi mtu. Atakuchapishia hata orodha ya sokoni, na ndiyo maana naye usimwamini anapokusifu.

Kwa yule mhariri wangu, nilidhani anakidharau Kiswahili chetu. Nilimpigia simu nikiwa nimejiandaa kupigana. Kumbe mzee wa watu alikuwa anaogopa kitu kidogo sana: kwamba msomaji wa kamati akiona "unatokaka" atadhani ni kosa la chapa, na kitabu kizima kitahesabiwa kuwa kimehaririwa ovyo. Ningejua hilo siku ya kwanza, nisingepoteza siku tatu. Dawa ya woga wa namna hiyo haihitaji maelezo kwenye mabano wala msamiati mwishoni. Niliongeza sentensi moja kabla ya swali la kwanza: "Alimuuliza kama alivyomuuliza jana na juzi na kila jioni tangu masika." Msomaji wa Tanga au Mombasa anasoma hiyo, anafika kwenye "Unatokaka wapi?", na sikio lake linapokea somo bila kujua limefundishwa.

Na swali lenyewe nililipunguza. Mara kumi na moja zilikuwa nyingi hata kwangu. Tatu zilitosha, na zikawa kali zaidi. Hapo wino mwekundu ulinisaidia, nakiri.

Jarida la Ulaya ni habari nyingine. Moja liliniomba nitafsiri kwa Kifaransa hadithi yangu ya harusi ya Kamalondo, ambapo wakwe wanagombana kuhusu sahani za kukodi. Waliipenda, lakini wakaomba "kobalti kidogo", na kama ingewezekana, mwangwi wa vita. Kutoka hapa hadi Goma, kule kwenye vita, ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa ndege. Kobalti ipo kweli, lori zinapita, binamu zangu wanachimba. Lakini kwenye harusi ile watu walikuwa wanahesabu sahani. Nilijiuliza anayeogopwa ni nani, nikamwona: ni msomaji wao, ambaye wanadhani hatatuamini kama hatuteseki. Woga huo sikuweza kuutibu kwa sentensi moja. Nikakataa, kwa heshima, na nikawaeleza kwamba kama wanataka hadithi ya mgodi nitawaandikia nyingine mpya. Hawakujibu.

Hilo la "nyingine mpya" ndilo ningependa mlishike kuliko yote niliyoandika hapa. Hadithi ya oda ni kazi ya halali. ONG moja iliona hadithi yangu ya majirani wawili wanaogombania zamu ya kisimani, wakaomba mwishoni wapatane na kunawa mikono kwa sabuni. Wale majirani wangu hawapatani, ndiyo hadithi. Nikawaambia: hiyo iacheni, niambieni mnataka kusema nini kuhusu maji, mnataka maneno mangapi, mnalipa kiasi gani. Dola 120, maneno 900. Nikaandika watoto na ndoo na sabuni, nikaifanya vizuri kadiri nilivyoweza, ikasomwa kwenye vituo vya afya. Siionei aibu. Mamba muntu amevaa saa. Lakini kisima kilibaki na ugomvi wake, na mwaka uliofuata kikauzwa kama kilivyo.

Ukichukua hadithi iliyokwisha na kuipindua kwa ajili ya mnunuzi, mara nyingi unapata kitu ambacho si chako wala si chake. Ukianza upya kwa oda yake, kila mmoja anajua analipia nini.

Urefu usiupiganie

Ombi la kupunguza maneno ndilo linalowaumiza waandishi wapya kuliko yote, na mimi naona ndilo la kukubali haraka kuliko yote. Chekhov, mwandishi wa Urusi, kuanzia 1882 aliliandikia jarida la vichekesho la Petersburg lililompa mistari 100 tu kwa hadithi. Alilalamika sana. Lakini ile tabia ya kuingia chumbani mazungumzo yakiwa yameshaanza, na kutoka kabla hayajaisha, aliifanyia mazoezi humo.

Namna ninavyopunguza mimi: ukurasa wa kwanza unaondoka wote, bila kuusoma tena. Mara tisa katika kumi hadithi huanza ukurasa wa pili. Halafu natafuta watu wawili wanaofanya kazi moja. Katika hadithi ile kulikuwa na wajomba wawili, mmoja anatukana na mwingine anashauri. Nikabakiza mmoja, anatukana huku akishauri, akawa mtu zaidi kuliko wale wawili walivyokuwa. Halafu naondoa kila sentensi inayoeleza kwamba mtu alihisi nini mara tu baada ya kufanya jambo linaloonyesha alichohisi. Hapo huwa nimefika karibu. Maneno ya mwisho mia moja ndiyo magumu, na hayo nayaomba kwa mhariri. Wengi huyatoa.

Barua

Usiandike siku uliyopokea masahihisho. Na ukiandika, nusu ukurasa unatosha. Hii ndiyo niliyomtumia:

"Mheshimiwa Mhariri, asante kwa kuisoma kazi yangu kwa makini. Nimeipunguza hadi maneno 2,050. Nimeondoa ukurasa wa kwanza wote na mjomba mmoja. Kwenye masimulizi nimegeuza bukari kuwa ugali. Jina la hadithi naliacha mikononi mwako. Naomba jambo moja libaki: swali la mke, 'Unatokaka wapi?', mahali patatu nilipopigia mstari. Si kosa la chapa. Kwetu umbo hilo huonyesha jambo la mazoea, na msomaji atalielewa kwa sentensi niliyoongeza ukurasa wa 2. Kamati ikiuliza, unaweza kuwapa maelezo haya kama yalivyo."

Tazama mpangilio. Kwanza nilichotoa, na kwa idadi, ili aone nimefanya kazi. Kisha ombi moja, si manne. Kisha, na hapa ndipo barua nyingi hushindwa, nimempa maneno ya kujitetea mbele ya yule anayemwogopa. Mhariri si adui. Ni mtu aliyekaa kati ya wewe na bosi wake, na ukimwacha mikono mitupu atakutupa wewe.

Alikubali kwa mstari mmoja. Kuhusu jina, nililoliacha mikononi mwake kwa ukarimu mwingi, aliliita "Njia ya Mwongo ni Fupi". Methali! Mbele ya hadithi yangu! Kila nikiliona nawashwa. Lakini nilipotulia nikaelewa alichokifanya: kamati ilitaka funzo, naye akalibandika mlangoni ili isije ikalitafuta ndani. Mume wangu wa Katuba hakukiri hadi mstari wa mwisho. Sijui kama ningepata bei nzuri zaidi ya hiyo.

Karatasi

Hapa uzalendo wa sanaa hauna maana kama hujui kusoma mkataba. Kongo tunayo sheria ya haki za mwandishi, Ordonnance-loi nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Inatenganisha haki ya kupata pesa, ambayo unaweza kuiuza, na haki ya kutambuliwa na kulindwa kazi yako isipotoshwe, ambayo haiuziki hata ukisaini. Itaje kwa upole ukiona mkataba unaosema mchapishaji "anaweza kubadili chochote". Mimi hukata maneno hayo na kuandika: "kwa idhini ya mwandishi kwa maandishi".

Usiuze kila kitu kwa sahihi moja. Kuchapa kitabuni ni kitu kimoja, kusoma redioni ni kingine, tafsiri kingine, filamu kingine. Andika kila kimoja na muda wake. Mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10 unasikika vizuri, lakini uliza asilimia 10 ya nini. Kitabu cha dola 5 dukani, ukilipwa kwa bei ya duka, kinakupa senti 50; nakala 300 ni dola 150. Ukilipwa kwa "kinachobaki baada ya gharama", gharama zitakuwa na hamu kubwa ya kula.

Tunza nakala yako ya mwanzo, yenye tarehe. Mwandishi Raymond Carver wa Marekani alipelekewa na mhariri wake hadithi zilizokatwa hadi nyingine kubaki chini ya nusu. Julai 1980 alimwandikia barua akimsihi asimamishe kitabu. Kikatoka mwaka uliofuata hivyo hivyo kilivyokatwa, na kikampa jina kubwa, jambo linalofanya kesi yake kuwa ngumu kuihukumu. Lakini muswada wake ulikuwepo, na mwaka 2009, miaka 21 baada ya kifo chake, hadithi zikatoka kama alivyoziandika. Bila nakala kusingekuwa na cha kutoa.

Na mwisho wa yote kuna ile karatasi tunayoiita bon à tirer: kurasa zilizopangwa tayari kwa chapa, unazisoma, unasaini, mashine zinaanza. Isome kwa sauti. Isome ukifuata kidole, neno kwa neno, kana kwamba imeandikwa na mtu usiyempenda. Mimi yangu ilifika juma la mitihani, nina makaratasi ya wanafunzi hadi kitandani. Nikatazama mahali pawili nilipopigia mstari, nikaona "ka" yangu ipo, nikasaini.

Mahali pa tatu palikuwa ukurasa wa 47. Mtu fulani kule kwenye upangaji, kwa nia njema kabisa, alikuwa amesahihisha. Vitabu vilikuja kwa katoni, na ukurasa wa 47, katika nakala zote, mke anauliza: "Unatoka wapi?"

Nilileta nakala moja darasani mwaka jana. Nikampa mvulana wa mstari wa nyuma asome kwa sauti, nami nimesimama dirishani nikingoja kosa langu lifike. Alisoma polepole, akifuata kwa kidole. Ukurasa wa 46. Ukurasa wa 47. Mume anasukuma mlango, anavua kofia.

"Unatokaka wapi?" akasoma, bila kuinua kichwa, akaendelea.

Nilimkatiza. "Rudia hapo. Imeandikwaje?"

Akatazama kitabu, akatazama mimi. "Si ndivyo ilivyoandikwa, Madamu?"